Dirisha la Chumba cha Nyuma

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma kitinda mimba wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, naye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpiga chapa na mama mshona magodoro, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaishia hapo, si kwa sababu akili ilimpungukia, bali kwa sababu ilionekana kaka yake ndiye anayefaa kuendelea, jambo ambalo yeye hakulilalamikia hata siku moja, na ambalo binti yake analilalamikia leo kwa niaba yake.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akawekwa kwenye meza ya mapindo, akakaa hapo miaka kumi na mitatu, hata wenzake wakamwita Pindo, na tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, aliyeitwa kiwandani kuziba bomba lililokuwa likivuja na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alilitengeneza pole pole sana. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1992, wa kike mwaka 1995, na huyu mwenye maneno mengi mwaka 2003.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1997 alirudi nyumbani na cherehani yake, akageuza chumba cha nyuma kuwa mahali pa kushonea na kuchapia, na kwa kuwa baba yake alimfundisha kuchonga, alichonga mihuri kwenye soli za ndala zilizokwisha, akazigandisha kwenye vipande vya mbao, kila mtu wa nyumba muhuri wake, baba bomba, kaka jogoo, dada kijiko, na kitinda mimba mdomo uliofunguka, eti usipofunguka atapasuka. Foronya, shuka, mapazia, aproni na magauni ya nyumba ile yote yalipigwa mihuri hiyo, na hakuna aliyewahi kugombania shuka.

Sasa sikilizeni jinsi kazi ile ilivyofanyika, maana hapa ndipo msomaji huyu anapoanza kuogopa. Rangi ilikuwa ya mafuta, ikilainishwa kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi chenye harufu kali, mihuri nayo ikafutwa kwa tina hiyo hiyo, na kwa kuwa barabara yetu ni ya vumbi na vumbi hupenda rangi mbichi, dirisha lilifungwa tangu muhuri wa kwanza mpaka kitambaa kikauke, yaani kutwa nzima. Kitinda mimba alipofika miaka saba alipewa kazi mbili, kushika pembe za kitambaa na kufunga komeo, na kila Jumamosi alisikia maneno yale yale, "Funga dirisha, mwanangu, tusiharibikiwe," naye akafunga, akajivunia kuaminiwa.

Mwezi Novemba 2023 kitinda mimba huyo huyo alishinda mdahalo wa chuo uliohusu hewa safi kwa wafanyakazi wa viwandani, akawachambua waajiri mpaka ukumbi ukasimama, akarudi nyumbani na kikombe, akamkuta mama yake ametandaza kitambaa mezani, akaweka kikombe juu ya cherehani, akafunga dirisha.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021, na sote tulisema ni vumbi. Wapo waliosema kuna mkono wa mtu, na wapo hapa leo, nao waambiwe kwamba mkono ulikuwepo kweli, ulikuwa huu uliokuwa ukifunga komeo. Tarehe 6 Februari 2024 alipigwa picha ya kifua, daktari akatuonyesha mapafu yaliyojaa makovu, akauliza anafanya kazi gani na katika chumba cha namna gani, na baada ya kujibiwa alisema kwamba inawezekana sana chanzo ni kazi hiyo.

Siku tatu kabla ya kufariki, marehemu akiwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani, kitinda mimba alikohoa akimbadilishia foronya. Marehemu, ambaye kuongea kulikuwa kumemshinda tangu asubuhi, alimshika mkono, akajikaza kusema.

"Kikohozi hicho cha tangu lini?"

"Vumbi tu, mama."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimkalisha kila alipokosa pumzi, majirani waliopika na kufua, na wafanyakazi wenzake wa zamani wa meza ya mapindo, walioshona kwa mkono pindo la kitambaa kilichofunika jeneza.

Kikohozi kile kina miezi minne, na mwenye nacho hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata baba, ambaye anakisikia sasa hivi pamoja nanyi, na bintiye anaomba asamehewe. Amepangiwa kupigwa picha ya kifua keshokutwa Jumatatu saa mbili asubuhi, anaogopa mno, na amelisema hapa hadharani ili asipate pa kujificha. Kaka ameshang'oa komeo.

Pumua sasa, mama, ulale kwa amani.