Folda Niliyoiita Zaburi

Wewe unayenisikiliza, ndugu yangu, mama yangu, amahoro, yaani amani ya Bwana, iwe nawe! Asifiwe Yeye aliyenisimamisha hapa mbele leo nikiwa na sikio moja linalofanya kazi na uso ambao bado unawaka kwa aibu! Semeni amina, lakini semeni upande wangu wa kulia, maana upande wa kushoto hamtanipata.

Jina langu ni Melkiadi. Wengi mnanifahamu. Ni fundi wa mashine ya kukamua mawese hapa Rumonge, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa sono katika kanisa letu, yaani yule anayeshughulika na maspika na mikrofoni. Nina mke, Speransi, mnayemwita Mama Keza. Leo ameketi pale mbele, na ni yeye aliyeniambia niseme yote bila kukata kitu.

Ndugu zangu, mimi napenda muziki wa panki. Naomba msigune kwanza. Wengi hamuujui, kwa hiyo nitawaeleza polepole.

Mnajua rumba inavyokwenda. Inaanza taratibu, mwimbaji anamsifu mpenzi wake, magitaa yanazungumza, halafu mwishoni inachemka na watu wanainuka kucheza. Sasa panki haina ule mwanzo. Inaanza pale pale kwenye kuchemka, na inakwisha kabla hujapata kiti. Mpiga gitaa anajua kuweka vidole mahali pachache tu, na hapo hapo anapiga kwa nguvu zote. Mwimbaji haimbi, anapiga kelele kama mtu aliyeona mtumbwi wake umefunguliwa na mwingine. Wenzake wanamwitikia kwa pamoja, bila kupanga sauti ya kwanza na ya pili. Ukiwasikia unasema, hawa si wanamuziki, hawa ni majirani waliokasirika. Ndiyo sababu niliwapenda!

Nilikutana nao kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, nami kijana. Mama yangu alinunua koti la caguwa, nguo zile za mitumba, na ndani ya mfuko kulikuwa na kaseti isiyo na jina. Tulikuwa na redio moja, ya jirani. Nilipoiweka, jirani alifikiri betri zimeharibika. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyeitwa. Kambini tulifundishwa kusubiri. Subiri mgao, subiri usajili, subiri kurudi nyumbani. Na hapa kuna watu hawasubiri kitu! Mpiga ngoma anaanza kabla wenzake hawajawa tayari, na wao wanamkimbilia.

Kaseti ile ilikufa, lakini mapenzi hayakufa. Tuliporudi Burundi na simu zikaja, nilitafuta nyimbo za namna hiyo popote. Ninazo za Wahispania, za Waindonesia, za watu wa Amerika ya Kusini. Maneno mengi siyaelewi. Sipendi zile zilizosafishwa sana studio. Napenda zilizorekodiwa chumbani, ambapo unasikia mtu akikohoa kabla ya kuanza. Napenda gitaa la besi liwe mbele, lisiwe limefichwa nyuma kama mgeni asiyealikwa. Na wimbo ukipita dakika tatu, naanza kumshuku mwimbaji wake.

Sasa mnaona shida yangu. Mtu wa sono ya korali, kwaya yetu, mume wa Mama Keza, mtu wa kuitwa kwenye mikutano ya injili mpaka Gitaza, moyoni ana vijana wa Indonesia wanaopiga makelele! Niliona haya. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, halafu nikajiibia. Nilisikilizia kazini tu, kwa ekuteri, zile nyuzi za kuchomeka masikioni. Na kazini kuna nini? Kuna motori ya mashine. Wanaojua kazi ya mawese wanajua motori ile inavyounguruma, ukitaka mwenzako alete chikichi zilizochemshwa unamwonyesha kwa mkono. Ili muziki uishinde motori, nilipandisha sauti mpaka mwisho, nikavaa kofia ya sufu juu ya masikio ili nyuzi zisionekane. Miaka na miaka, ndugu zangu! Motori nje, panki ndani, na masikio yangu katikati.

Na katika simu, ili mke wangu asizione nyimbo hizo, niliziweka kwenye folda nikaiita Zaburi. Mungu anisamehe. Nilifikiri nimefanya akili.

Masikio hayakuniaga. Yaliondoka polepole. Kwanza ulikuja mlio, kama mbu mmoja asiyechoka, katika sikio la kushoto. Kisha watu njiani wakanisalimu, "Amahoro, Melki!" nami nikapita kimya. Wakasema cheo cha sono kimempanda kichwani. Kanisani nilianza kuongeza sauti ya korali. Niliisikia ndogo, nikaongeza. Wamama wa benchi la mbele wakahamia katikati. Kisha wakahamia nyuma. Watoto wachanga wakapelekwa nje. Nilidhani Roho anawagusa! Siku moja Mama Domitila, ambaye ndiye mkubwa wa wamama kanisani, alinijia akanipigia kelele sikioni:

"Melki, mutoto wangu, Mungu si kiziwi!"

"Mama, mimi nataka shetani ndiye asikie!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mama Domitila hakucheka. Alinitazama tu. Leo najua aliona nini.

Hata pale ningeweza kusema. Lakini fikirini: kusema kwamba masikio yanakufa ni kuulizwa yameuawa na nini. Nikaanza kusoma midomo. Nikaanza kuitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nikawa mtu wa tabasamu, na kila mtu akasema Melki amekuwa mpole.

Ndipo ikaja siku ya Kabonga.

Mdogo wangu Yeremia alikuwa amempata binti, Goreti, kule Kabonga karibu na mpaka. Baba yetu hayupo, kwa hiyo nilikuwa msemaji wa familia yetu siku ya kupeleka mahari. Mnajua kwetu kazi ya msemaji. Upande mmoja unasema kwa mafumbo na heshima, upande wa pili unajibu, na binti hatolewi mpaka maneno yapendeze. Kazi hiyo ni ya masikio kwanza, mdomo baadaye. Nilipaswa kukataa. Yeremia mwenyewe aliniuliza kama nitaweza, nikamwambia, "Wewe andaa suti yako."

Kwa kuwa nilikuwa msemaji, sono na simu yangu nilimwachia Mama Keza. Tulikaa chini ya turubai, familia mbili zinatazamana. Maneno ya kwanza yalikwenda vizuri, maana niliyakariri. Kisha akasimama Mzee Zakaria, baba wa Goreti. Ana sauti ndogo, mtu wa taratibu. Alisema maneno marefu. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu.

Alichokuwa akisema nimekijua baadaye. Alikuwa akisema kwamba mama yake Goreti alifia kambini Tanzania, kaburi lake liko kule, na hakujaliwa kuiona siku kama hii. Aliomba wote tusimame kimya kwa ajili yake, halafu upande wetu utuwekee zaburi moja ya polepole.

Mimi nilikuwa natabasamu.

Watu wakasimama. Nami nikasimama, nikidhani maneno yamependeza na shangwe inaanza. Mke wangu, kwa moyo safi, akafungua simu ya mumewe, akatafuta, akaona folda imeandikwa Zaburi. Akabonyeza.

Ndugu zangu! Maspika yale nilikuwa nimeyapandisha asubuhi mwenyewe, kwa masikio yangu haya.

Sikusikia mwanzo wake. Nilisikia besi kifuani. Na naona haya kusema hili kuliko yote: kabla akili yangu haijajua kitu, mguu wangu ulianza kupiga chini. Watu wamesimama kwa ajili ya marehemu, bibi mmoja ameshika kitambaa usoni, na msemaji wa upande wa bwana harusi anatabasamu na kupiga mguu.

Mama mdogo wa Goreti alipiga kelele hata mimi nikasikia:

"Zima! Zima! Mwanamuke gani huyu anatuletea mapepo kwa dada yangu?"

Speransi alibonyeza huku na huku, hakuweza kuzima. Wimbo ukaisha wenyewe. Ni mfupi ule, lakini siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko mkesha. Mzee Zakaria akageuka kwa mke wangu akauliza kwa upole, "Zaburi hii ni ya nani, mama?"

Hapo nilisikia. Alikuwa upande wangu wa kulia, nilisikia kila neno. Speransi alinitazama. Alikwisha kuelewa, maana simu ni yangu. Nilikuwa na nafasi. Nilitazama viatu vyangu.

"Naomba munisamehe," akasema mke wangu. "Nimekosea mimi."

Akabeba. Mbele ya familia mbili alibeba aibu yangu, nami nikamwachia. Mzee akasema, "Rudini nyumbani kwa amani. Tutawaita." Mnajua maana yake. Vitu tulivyoleta vilirudishwa kwenye gari. Goreti hakutoka ndani. Yeremia alikaa kiti cha mbele na suti yake, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Njiani Speransi alikaa kushoto kwangu. Nilidhani amenyamaza. Nilisema moyoni, afadhali amenyamaza. Tulipita Nyanza-Lac, tukapita vichanja vya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tukapita michikichi, kimya. Tulipokaribia nyumbani nikageuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Machozi yanateremka, na midomo inakwenda.

Nikamwuliza, "Mama Keza, unaongea tangu lini?"

Nikamgeuzia sikio la kulia. Akasema, "Tangu Nyanza-Lac! Nakuuliza, nakuuliza, wewe uko unatazama dirisha. Baba Keza, nimekukosea nini hata usinijibu?"

Hapo, wapendwa, ndipo Bwana alinishika. Si kwa malaika, si kwa ndoto. Alinionyesha mdomo wa mke wangu unaokwenda bila sauti. Nilikuwa nimejificha hata nikafika mahali ambapo anayenipenda analia karibu yangu na mimi siko. Nikasema kwa sauti, ndani ya gari, Yeremia akisikia: "Sisikii. Sikio la kushoto limekufa. Nimelimaliza mimi kwa muziki. Nyimbo zile ni zangu."

Msidhani walinikumbatia. Yeremia aliendelea kutazama barabara. Speransi alifuta uso kwa kitenge, akasema, "Tutarudi Kabonga. Na utasema wewe."

Tulirudi, mimi na yeye, na kasha la soda la kuombea msamaha. Nilimwambia Mzee Zakaria kila kitu: koti la caguwa, motori, kofia ya sufu, folda, sikio, mguu. Nilimwambia mke wangu hakukosea chochote, na kwamba mwongo alikuwa msemaji. Mama mdogo wa Goreti alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

Mzee aliinuka, akachukua kiti chake, akazunguka nacho, akaja kukaa upande wangu wa kulia. Sikuweza kujizuia, nililia kama mtoto.

Akaniuliza, "Yule mtu katika wimbo, alikuwa analia nini?"

Ule ni mmoja wa nyimbo ninazozielewa, kwa sababu nilitafuta mtu wa kunifasiria. Nikamwambia, "Mzee, anamgombeza mwenye nyumba. Paa linavuja, mama yake analala kwenye maji, na hakuna anayekuja kutengeneza."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi si pepo," akasema. "Ni mutu ambaye nyumba yake inavuja. Sisi kambini tulilala hivyo. Mama Goreti aligombana na karatasi ile ya plastiki ya paa mpaka akaugua."

Mama mdogo akasema kutoka mlangoni, "Hata hivyo angepunguza sauti!"

Tukacheka, hata yeye kidogo. Lakini hakunipa mkono siku ile, na sikumlaumu.

Bwana ni mwema! Yeremia na Goreti wameoana. Msemaji alikuwa mtu mwingine, nami nilikaa nikaangalia. Nilipelekwa kwa daktari Bujumbura, akaniambia wazi kwamba sikio la kushoto halitarudi, nililinde la kulia. Mmeniombea hapa, mmeweka mikono, na sikio halijafunguka. Nasema hivyo ili nisije nikawadanganya tena. Mbu yule yuko humo sasa hivi, anaimba nikiwaambia haya. Niliponywa kitu kingine. Niliponywa kujificha.

Sono sasa anaishika Keza binti yangu, na wamama mmerudi benchi la mbele, nawaona. Folda ile nimeibadilisha jina, sasa imeandikwa Nyimbo za Melkiadi. Jumamosi naziweka nyumbani, kwa sauti ndogo, mlango wazi. Mama Keza anapita na sufuria yake, anauliza, "Leo hawa wanagombana na nani?" nami namweleza. Wimbo ukiisha kabla sijamaliza kueleza, anacheka. Lakini bado kuna siku anapokaa kushoto kwangu kwa kusahau, nikamwona anasogea kulia bila kusema neno, na aibu inarudi yote.

Asante Yesu kwa mke niliyemwachia mzigo wangu na hakunitupa. Asante kwa mzee aliyehamisha kiti. Na wewe unayenisikiliza, huenda una folda yako, yenye jina zuri juu na kitu kingine ndani. Mwamini Bwana. Huna cha kumficha, alikwisha kusikia, hata kupitia ukuta, hata kupitia kofia ya sufu. Mwambie yeye, kisha mwambie yule unayekaa naye, kabla mambo hayajajisema yenyewe mbele ya watu.

Na leo ukifika nyumbani, fanya hivi. Washa muziki unaoupenda, wowote. Mwombe mtu wa nyumbani asimame mlangoni akuite kwa sauti ya kawaida. Kama hukumsikia, punguza. Endelea kupunguza mpaka usikie jina lako.