Huruma ya Ndoo Moja

Basi lilipoanza kulizunguka Ziwa Kestrel, mzee Torvald aliyekaa mbele yangu aliuona mnyororo uliofunga gati la boti. "Miaka hamsini navua hapa. Leo nafungiwa ziwa kwa ajili ya vikome vya gamba, vidogo kama kucha, eti vimelivamia!"

Mama mmoja pembeni yake, mwenye koti la wakaguzi wa boti, hakumwonea haya. "Kome hawana miguu, mzee wangu. Kuna mtu kawaleta."

"Si hao wageni na maboti yao ya fahari!" Kwetu Minnesota mgeni hulaumiwa hata kwa mvua. "Mimi boti yangu naiosha mpaka inang'aa."

"Na chambo kinachobaki?"

"Visamaki vile? Siwezi kuviua bure, mama. Nikitoka kuvua ziwa lingine navileta hapa kwenye ndoo, navimwaga na maji yake, viishi. Marehemu baba ndiye alinifunza huruma hiyo."

"Watoto wa kome hawaonekani kwa macho, mzee," mama akasema taratibu. "Wanakaa kwenye maji."

Mzee akatazama viganja vyake. "Ndoo moja tu, mama?"

Basi likasimama gatini, kituo cha mzee cha miaka yote. Mlango ukafunguka. Hakuinuka.