Nafasi ya Nane Haijajazwa: Miaka Thelathini na Mitatu ya Eucabeth Namalwa

Eucabeth Namalwa anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuzima moto. Kumi na mmoja ya mwisho ameitumia akiwa msimamizi wa Kituo cha Zimamoto cha Ol Sirwa, kule juu ambako barabara ya Mau Narok huanza kuingia mawinguni. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huu hatukujua kama yeye anaondoka kituoni au kituo kinaondoka naye. Jopo la ukaguzi la serikali lilikuwa limependekeza milango yetu ifungwe siku hiyo hiyo ya kustaafu kwake, gari lishushwe Nakuru mjini, na watu wa huku wakishikwa na moto wasubiri msaada upande mlima. Habari za jopo zinakuja. Kwanza mtu mwenyewe.

Alizaliwa Nakuru katika nyumba za reli, mjukuu wa fundi aliyetoka Bungoma kuja kutengeneza mabehewa. Mwaka 1992 aliajiriwa kupokea simu. Kupanda gari ilikuwa kazi ya wanaume, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Mwaka wa pili ghala la pareto lilishika moto wakati wanaume wawili hawakufika kazini. Namalwa aliweka simu chini, akavaa buti za mtu wa miguu mikubwa, akajaza magazeti ya jana kwenye ncha zake, akapanda. Jioni alirudi amekuwa mweusi kama sufuria. Kesho yake hakuna aliyemwambia arudi kwenye simu, na mwenyewe hakukumbusha mtu.

Wasioijua Ol Sirwa wanapaswa kuelezwa asubuhi zake. Ukungu hupanda kutoka mashamba ya ngano polepole, ukaingia uani bila kubisha, ukafunika gari hadi ibaki taa ya juu tu, kama tunda lililoning'inia bila mti. Sauti husikika kabla ya mtu kuonekana. Ng'ombe hupita, unasikia kengele, huoni ng'ombe. Halafu jua likitoka, bonde lote hufunguka chini yako hadi Eburru na Olkaria, na kule mbali nguzo nyeupe zinasimama angani, hazina haraka.

Nguzo hizo zilimdanganya wiki yake ya kwanza kituoni. Mtu mwenye miaka ishirini na miwili kazini aliziona alfajiri, akapiga kengele, akateremsha kikosi kizima mwendo wa zaidi ya saa moja. Askari wa lango la mitambo ya umeme walilolikuta alikuwa anakunywa chai. "Madam, hiyo ni mvuke," alimwambia. "Iko hapa tangu dunia iumbwe. Mnataka kuizima?" Namalwa alikubali kikombe cha chai, akarudi. Tangu hapo alipiga marufuku kumwonya mgeni yeyote. Kila anayeripoti lazima akimbilie mvuke mara moja. Dereva wetu Kigen alifika hadi lango lile lile, na askari, anasema Kigen, alikuwa ameshaandaa vikombe.

Sasa tuje kwenye jambo lililotaka kutufunga.

Kituo kinastahili watu kumi na wanane. Tulikuwa saba, pamoja naye na mimi ninayeandika. Kanuni inasema gari lisitoke bila watu watano, na watu saba, ukitoa zamu, likizo na homa, hawatoi watano kila siku. Kila mwaka tuliandika barua, na kila mwaka tulijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Nimesoma barua nyingi katika vitabu vya historia, za wafalme na za wakoloni, na sijaona neno lililofanya madhara mengi kwa upole kama hilo "linashughulikiwa".

Namalwa hakupiga kelele. Kwenye gwaride la asubuhi aliita orodha yote, waliopo na wasiokuwepo. Baada ya majina saba aliendelea: "Nafasi ya nane." Nasi tukajibu kwa pamoja: "Haijajazwa." "Nafasi ya tisa." "Haijajazwa." Hivyo hadi kumi na nane, sauti zetu zikimezwa na ukungu. Kina mama waendao sokoni walidhani ni sala. Wengine walisimama kidogo, wakainamisha vichwa, wakaendelea na safari.

Januari ya mwaka jana nyumba ya nyanya yake Shantel iliungua mchana. Shantel ni msichana wa hapa mtaani, wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Zamuni walikuwa watatu. Tuliwangoja wawili watoke nyumbani kwao, na gari lilifika baada ya dakika hamsini. Vijana walitupokea kwa mawe. "Niaje boss, mmekuja kuzima ama kupiga picha?" Jiwe moja lilivunja kioo na kumpasua Kigen juu ya jicho, nyuzi nne. Namalwa alishuka akaanza kukunjua mpira. "Maji iko," aliwaambia. "Watu ndio hakuna. Mkimaliza kurusha, mnisaidie kuvuta hii paipu." Wengine walicheka, wengine walitukana. Wanne walivuta. Nyumba ya nyanya ilikuwa imekwisha, lakini mbili za jirani zilipona, na nyanya mwenyewe alikuwa kanisani, shukrani kwa Mungu.

Katika taarifa ya siku hiyo aliandika: dakika hamsini, watu watatu, mawe kumi na moja. Mkubwa mmoja wa idara alimtaka aanze na mawe. Alikataa. Alisema mambo yaandikwe kwa mpangilio yalivyotokea.

Aprili mwaka huu jopo likaja. Mkubwa yule yule alitangulia na basi dogo lenye watu kumi na mmoja waliovaa sare zetu: wafagiaji wa soko, watunza bustani, na mpishi anayejulikana Ol Sirwa nzima kwa chapati zake. Walipangwa mstarini baada yetu ili kituo kionekane kimejaa, mpishi akiwa wa nane. Namalwa aliamriwa ataje majina saba, kama mfano tu, halafu afunge daftari. Alilifungua, akaita saba, na mwenyekiti wa jopo, Bi. Wamuyu, alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Nafasi ya nane."

"Haijajazwa!" tulijibu, sote sita, kwa sauti ya kila siku.

Naomba niseme ukweli, kwa sababu wengi wametusifu kwa ujasiri. Hatukuwa na ujasiri wowote. Ulikuwa mdomo uliozoea. Mpishi alituangalia, akaiangalia sare aliyovaa, akasema kwa uchungu kidogo, "Lakini mimi niko hapa."

Bi. Wamuyu aligeuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa chapati, madam."

Namalwa angeweza kusema ni mzaha. Alimtazama mkubwa, akatazama daftari, akaendelea: nafasi ya tisa, nafasi ya kumi, bila kuinua sauti, na mara hii tulijibu tukijua tunachojibu.

Malipo ya ukweli yalikuja Juni, katika rasimu ya ripoti. Sura ya pili ilisema kituo kina watu wachache mno, hivyo kifungwe. Sura ya nne ilisema vijana wa eneo hili ni wakorofi kwa asili, wanapiga simu za uongo na kushambulia magari ya dharura, hivyo hatari ya kuwapeleka watumishi huku ni kubwa. Kwa hiyo kifungwe tena. Siku tatu Namalwa alikuja kazini bila sare. Alikuwa amefungua kinywa na kinywa hicho kilikuwa kinawanyima watu elfu arobaini gari lao la pekee. Kigen alimwambia hakukosea. Alijibu kwamba anaweza kuwa hakukosea na nyumba zikaungua vilevile.

Siku ya nne alivaa sare, akaenda kumtafuta Shantel.

Kikao cha kusikiliza umma kilifanyika Julai katika ukumbi wa kanisa. Shantel alisimama na koti lililomzidi. Huko nyuma wenzake walipiga miluzi, "Ongea, msupa!" akawaashiria wanyamaze. "Mimi ndio nilivunja hicho kioo. Kigen nishamwomba msamaha. Lakini mmeandika ati sisi tunachukia gari. Hatuchukii gari. Tunachukia kuingoja."

"Na mawe?" aliuliza Bi. Wamuyu.

"Mawe ni ujinga, madam. Hiyo pia andika."

Namalwa aliongea sentensi mbili tu. "Sura ya pili na sura ya nne za ripoti yenu zinakaa nyumba moja na hazijuani. Tunaomba mzijulishe."

Mimi nitaongeza ya tatu, kwa sababu sina upole wake. Serikali inayoacha viti kumi na kimoja wazi, kisha ikashangaa vijana wamekosa adabu, inapaswa kuanza na adabu yake. Jiwe ni kosa, na aliyemuumiza Kigen alikosa. Lakini jiwe lilirushwa na msichana mmoja kwa dakika moja, na viti vile viliachwa wazi na watu wazima, wenye ofisi, kwa miaka kumi na mmoja.

Barua ilifika Jumanne, tarehe 14 Oktoba, saa nane mchana. Kituo kinabaki. Nafasi zote zitajazwa, na wa kwanza sita wangeripoti wiki hiyo, nao wameripoti. Sura ya nne imeondolewa, na vijana wamepewa kiti katika kamati ya usalama wa moto. Shantel ndiye anakikalia, na tunasikia hawapi raha wakubwa wa kamati. Waliobaki tutawadai hadi waje.

Namalwa aliisoma barua amesimama. Alimpa Kigen, akatoka uani, akaketi kwenye benchi palipokuwa na jua. Ukungu wa mchana ulikuwa unapita chini yetu juu ya ngano, na kule mbali Eburru ilikuwa inapumua. Alivua buti, akaziweka sawa kando ya benchi, akalala.

Katika miaka yote hatukuwahi kumwona amelala kituoni, hata kusinzia. Mtu mmoja alikwenda kushusha redio. Mwingine aliacha kuosha gari, maji yasimwamshe. Tulisimama pale watu wazima tukipumua kwa zamu, na jua likasogea, naye akalala saa mbili nzima, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyefikishwa nyumbani akiwa mgongoni.

Eucabeth Namalwa, asante kwa kila mlango uliouingia wakati wenyewe walikuwa wanautoka. Asante kwa kutufundisha kutaja kinachokosekana. Huko Njoro shamba lako linakungoja, na majirani wametuahidi hawatakuamsha. Maisha yako ya mbele yawe mema, marefu na yenye usingizi mzito.