Muhandisi Wambua, Rais Tafti na Beseni la Kuogea

Bila mimi hoteli hii isingekuwa na maji ya moto, na bila maji ya moto Riyadh isingekuwa Riyadh. Nasema hivyo kwa sababu mimi, mjomba wenu Julius wa stoo, ndiye niliyemkabidhi Lukas Wambua spana yake ya kwanza tukiwa sote Jeddah. Tarehe 30 Juni ndugu yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kutengeneza mabomba.

Alianzia tawi la Jeddah, akiishi mtaa wa Ruwais, mahali ambapo chumvi ya bahari hutafuna bomba kama mchwa anavyotafuna mlango. Aliishinda. Riyadh walipomhitaji, bosi alimwambia neno moja tu, yalla, yaani twende, naye akafika na begi la vifaa na sufuria.

Lakini mabomba yalikuwa kazi yake. Kipaji chake kilikuwa hukumu. Kule nyumba ya wafanyakazi, mtaa wa Manfuha, kila ugomvi ulipelekwa kwake. Wenzetu Duncan na Timothy walipogombania sufuria moja ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Ukambani, kila mmoja akiapa ni yake, Wambua aliomba kijiko, akaula wote, akapangusa mdomo na kutangaza: halas, imekwisha, kesi haina ushahidi. Siku hizi wale wawili wanapika pamoja.

Kisha akapewa tarehe ya kustaafu. Selipher wa dobi akamtania kwamba mabomba ya kwao Machakos hayana maji, sijui ataziba upepo. Hakucheka. Aliniambia kwamba hapa anaitwa muhandisi, na nyumbani atakuwa mzee wa kuota jua tu.

Ndipo nikamsimulia habari za Rais Tafti wa Marekani, aliyeingia Ikulu mwaka 1909. Shule niliachia darasa la sita, lakini huyo namjua kama jirani. Alikuwa pande la mtu, kilo mia na hamsini hivi, na beseni la kuogea alilotengenezewa lilitosha wanaume wanne, picha ipo. Wako wanaosema aliwahi kukwama bafuni. Wasomi wanakataa. Mimi sikatai, nina sababu zangu.

Sasa sikilizeni. Urais haukuwa ndoto yake. Mkewe ndiye aliyeutaka zaidi. Alipogombea tena aliangushwa vibaya, akaambulia majimbo mawili. Watu wakadhani kwisha habari yake. Miaka minane baada ya kutoka Ikulu akawa jaji mkuu wa nchi nzima, kazi aliyoitamani siku zote, akanogewa hadi akasema hakumbuki kama aliwahi kuwa rais!

Wambua aliuliza swali moja: huyo jaji alihitaji spana? Nikamjibu, mafi, hakuna hata moja. Kesho yake alipiga simu nyumbani, akakubali uzee wa kijiji ambao majirani wamekuwa wakimbembeleza auchukue, wa kuamua kesi za mipaka na mbuzi. Tangu hapo anaimba kwenye ngazi, na sauti hana.

Ndugu Wambua, shukrani kwa kila tone ulilolizuia. Kahukumu kwa haki, ushahidi usiule, na miaka iliyobaki ikuendee laini kama bomba jipya.

Shukrani ya mwisho ni yangu peke yangu. Beseni jipya la chumba cha wageni wakubwa lilipofungwa, nililijaribu kwa niaba yao. Nikakwama. Wambua alinichomoa kwa sabuni ya vyombo, na mpaka leo hajamwambia mtu, hata Selipher.