Sukumaran na Kelele za Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mimi, Pappachan wa stoo, ndiye niliyeleta intaneti hapa Manjalipara. Haya, acheni kucheka, ni uongo. Mimi nilikaribia kuiua. Aliyeileta ni Sukumaran, ambaye tarehe 31 Mei anashuka nguzoni kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa katika Ushirika wetu wa Kebo.

Alianza kwa kuvuta waya kutoka mnazi hadi mnazi, akiogopa umeme kidogo na chungu majimoto sana. Enzi hizo waya ulikuwa na njia moja: picha za televisheni zinatoka ofisini, zinaingia majumbani, basi. Intaneti ikataka na njia ya kurudi. Sukumaran akabadilisha mashine za kukuza mawimbi nguzo kwa nguzo, miezi minane. Tukawasha. Kumbe! Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, intaneti ya mtaa mzima inakatika.

Kamati ikasema mambo yasipotengemaa kufikia Ijumaa, mtandao unauzwa kwa kampuni ya mjini, na sisi wafanyakazi kumi na mmoja tujue pa kwenda. Wiki ile Sukumaran alikonda. Mimi nilikonda kumzidi, maana nilikuwa na shaka yangu moyoni na sikuitoa.

Alizima tawi moja moja la waya, akitafuta inakotokea kelele, ndivyo mafundi wanavyoita mawimbi machafu yanayoingia kwenye waya. Alhamisi, saa ile ile, akasimama mlangoni mwa jiko letu, simu sikioni, mwenzetu wa ofisini akimsomea kipimo cha kelele, mke wangu Rosamma akisaga nazi ya chatine kwa mashine ya umeme.

"Shemeji, zima mashine." Akasikiliza. "Washa." Uso ukamshuka. "Zima tena."

Zamani nilikuwa nimechuna waya wa Ushirika nikamvutia Rosamma televisheni ya jikoni, kiungio nikakizungushia tepu tu. Cheche za mota zikawa zinapenya pale, zinarudi hadi ofisini, zinakatia nyumba mia mbili intaneti.

"Wewe mzee, ulijua?"

"Nilishuku tangu Jumatatu."

"Watu kumi na mmoja, Pappachan!"

"Niliona aibu."

"Mchape, kaka," Rosamma akadakia. "Mimi nitamshika."

Hakunichapa. Aliukata ule waya. Ijumaa asubuhi Rosamma akasaga, nami nimeshika tama kando ya simu, nikingoja malalamiko. Haikulia; hakuna nyumba iliyokatika. Kwenye ripoti Sukumaran aliandika "kiungio kibovu, nguzo ya 114." Jina langu hakuliandika. Leo nimeliandika mwenyewe.

Kaka Sukumaran, sote kumi na mmoja bado tuna kazi, na tunajua ni kwa sababu ya nani. Ahsante. Pumzika, ule mihogo na samaki wako, majimoto wakusahau.

Ila siku ile ulimwahidi Rosamma utarudi na kiungio kizuri, televisheni ya jikoni iwake. Mwaka wa sita huu. Pita Jumapili, kabla hujarudisha ngazi ya ofisi. Chatine itakuwepo.