Neno Chini ya Namba

Mwaka sabini na nne, kwenye basi la Temeke, nilikaa nyuma ya fundi Kornelio, seremala wa Keko. Alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye habari za namba ya tarakimu saba, zote moja. "Marehemu mke wangu alitaka kujua kama inagawanyika. Nikawa naijaribu, kila siku kigawanyo kimoja. Nilipovimaliza nikaichonga kwenye msalaba wake, chini nikaandika: haigawanyiki."

"Umefanya vyema, baba," mama akamwambia. Mie hesabu za kugawanya ndizo zilizonitorosha shule.

"Jana nimepitia daftari. Kwenye mia mbili thelathini na tisa niliweka alama tu, sikugawa. Ndiyo siku tuliyomzika. Nimeigawa jana, ikaisha bila baki."

"Basi kalifute hilo neno, namba ibaki."

"Namba ilikuwa mchezo wetu tu, mama. Neno ndilo lilikuwa sie."

"Lakini la uongo, baba."

Basi likasimama. Kondakta akauliza nani anashuka makaburini, akauliza tena, na patasi ilikuwa mapajani mwa fundi.