Mama Mzunguko, Dereva Aliyeurudia Usukani

Ndugu, majirani, na ninyi madereva mliokuja na sare zenu za kazi, tunaomba masikio yenu kwa muda mfupi. Jina kamili la dada yetu mpendwa liko kwenye jalada la ratiba mliyoshika, lakini wengi wenu mlimwita Mama Mzunguko, na yeye aliliitikia jina hilo upesi kuliko lile alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba mchomeleaji vyuma na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya malori. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo hakupata usingizi mpaka injini moja iwake huko nje. Siku za mapumziko, karakana ikifungwa, nyumba nzima ilikesha naye.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1975. Hesabu na jiografia alizipenda. Michezo hakuitaka hata kidogo. Siku ya mbio alijitolea kumenya viazi jikoni, na mwalimu wa michezo aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni binti mwenye akili nyepesi kushika na miguu mizito kuinuka.

Mwaka 1976 aliajiriwa na kampuni ya mabasi kama mkatisha tiketi. Baba yake mdogo, aliyekuwa akiendesha lori la saruji, ndiye aliyemfundisha kuendesha, kila Jumapili kwenye uwanja wa ghala. Wenzake walidhani ni mzaha mpaka mwaka 1984 alipopata leseni ya kubeba abiria. Miaka miwili baadaye akakabidhiwa basi la masafa marefu, mwanamke wa kwanza katika kampuni hiyo. Katika safari yake ya kwanza abiria mmoja alimpa begi alibebe, akamwuliza dereva yuko wapi. Marehemu alilipokea begi, akaliweka mahali pake, akapanda na kukaa nyuma ya usukani. 

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na mwokaji mikate wa mtaa wa pili kutoka stendi. Bwana huyu alikuwa akipeleka skonzi za moto kwenye dirisha la tiketi kila asubuhi, hadi wafanyakazi wenzake wakamwambia marehemu wazi kwamba huyo hauzi mikate, anatafuta mke. Mungu akawajalia watoto watatu.

Ninyi mnaofanya kazi ya barabara mnajua inavyomla mtu. Unaketi toka alfajiri mpaka jioni. Basi likisimama, hoteli ya njiani inampa dereva sahani ya bure kwa kuwa amewaleta wateja, na sahani hiyo siku zote ni chipsi, nyama ya kukaanga na soda, na ya kuongeza ipo. Wahenga walisema rahisi ghali. Mwezi Machi 2003, kwenye upimaji wa afya wa madereva, daktari alimkuta marehemu na sukari ya juu, presha ya juu, na macho yaliyokwisha kuanza kuathirika. Leseni yake ya abiria ikasimamishwa. Mwanamke aliyekuwa ameendesha basi kubwa kwa miaka kumi na saba akarudishwa kwenye dirisha lile lile la tiketi.

Alimwuliza daktari kama kuna namna ya kuurudia usukani. Daktari, mama mmoja asiyependa kumficha mgonjwa, alisema ipo, ila njia yake ni ndefu na wengi huishia katikati.

"Daktari," marehemu akamjibu, "njia ndefu ndiyo kazi yangu."

Siku hiyo mumewe alikaa mbele ya tanuri lake bila kuwasha moto. Alijiona yeye ndiye aliyemtia mkewe ugonjwa kwa skonzi na keki za miaka ishirini. Marehemu alimwambia hakuna aliyemlisha kwa nguvu, na kwamba badala ya kujilaumu amtafutie unga usiokobolewa. Mkate wa kwanza ulitoka mzito, na wateja waliulizana kama unaliwa au unajengewa. Marehemu aliula. Shemeji yetu akaendelea kuoka, akirekebisha kidogo kidogo, hadi mkate ule ukapata watu wake.

Mazoezi aliyaanzia uani mwa kampuni. Alivaa raba, akawa anayazunguka mabasi yaliyoegeshwa, asubuhi kabla ya kufungua dirisha na jioni akishalifunga. Mwanzoni alipumua kama mtu anayepandisha gunia ghorofani. Mafundi wa karakana walimcheka, wakamtungia jina, na jina likashika. Lililomuuma kuliko kicheko ni kuliona basi lake likitoka getini na mtu mwingine kwenye kiti. Alisimama, akalitazama mpaka likapinda kona, kisha akaendelea kutembea. Hakuwahi kulia mbele ya watu kwa jambo hilo. Nyumbani alilia, na aliyeyajua machozi hayo ni mumewe.

Februari 2004 daktari alimpima, akarudia kupima, akatia sahihi. Leseni ikarudi, kwa sharti la kuonekana kliniki mara kwa mara.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, maana kujitunza ukiwa kwako ni rahisi kuliko kujitunza ukiwa safarini. Aliondoka nyumbani na mabakuli ya mfuniko yenye maharage, mboga za majani na mayai ya kuchemsha, matunda, mkate wa mumewe na chupa kubwa ya maji. Basi liliposimama, alikula kwanza, kisha akalizunguka kwa mwendo wa haraka huku abiria wakiendelea kula. Baada ya muda abiria wa njia hiyo walijifunza kula bila wasiwasi. Walitazama dirishani, wakamwona bado anazunguka, wakaagiza chai nyingine. Katika vyumba vya wageni walikolala madereva, alisogeza kitanda ukutani, akashika nondo za dirisha, akachuchumaa na kuinuka mpaka jasho limtoke. Mhudumu mmoja aliwahi kugonga mlango kuuliza kama mgeni anahamisha samani.

Mwenye hoteli moja, mama mwenye sauti yake, alikasirika sahani yake ya bure ilipokataliwa mbele ya wateja. Alimwuliza marehemu kama ameona sumu ndani. Marehemu aliingia naye jikoni, akamwonyesha chungu. "Nitolee maharage yangu kabla hujayatia mafuta," akasema, "nami nitakula kwako mpaka nistaafu." Mama yule alikubali shingo upande. Mwaka haukuisha kabla madereva wengine hawajaanza kuomba kimya kimya chakula cha Mama Mzunguko.

Jambo moja familia imekubaliana lisemwe leo, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Oktoba 2008 barabara ilikuwa ikitengenezwa, na basi lake likachelewa sana. Meneja wa usafirishaji akapiga simu, akaamuru wapite kituo cha chakula bila kusimama ili wafidie muda. Marehemu alikuwa amemeza dawa ya sukari asubuhi na mabakuli yalikuwa matupu. Akatii. Kwenye mteremko mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likamtoka, na barabara ikawa mbili. Aliliweka basi pembeni, akavuta breki, akamkabidhi dereva mwenza funguo. Kisha akasimama mbele ya abiria, akiwa ameshikilia kiti, akawaeleza kwamba ana kisukari, hajala, na mwenzake ndiye atakayewafikisha. Abiria mmoja alimmenyea ndizi. Mwingine aliapa kumshtaki.

Dereva mwenza alimsihi asiseme lolote ofisini, waseme ulikuwa uchovu tu. Alijua leseni ikisimamishwa tena hairudi. Marehemu alijua hilo pia. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa meneja mwenyewe, akaeleza yote, na kikao kikaitwa. Meneja alitaka aondolewe kabisa barabarani, akisema kampuni haiwezi kuhatarisha abiria kwa ajili ya mtu mmoja mgonjwa.

Marehemu alitoa leseni yake, akaiweka mezani.

"Ikibidi, ichukueni," akasema. "Lakini mimi nilitetemeka kwa sababu niliambiwa nisile. Dereva yeyote atakayepitishwa kituo cha chakula, awe mzima awe mgonjwa, ana watu nyuma yake. Hilo ndilo mlipange leo. La kwangu tutalipanga baadaye."

Daktari wake, aliyekuwa ameitwa kutoa maelezo, alisema hana la kuongeza. Marehemu alisimamishwa mwezi mmoja wakati akichunguzwa, na alikubali bila kunung'unika. Aliporudi, alikuta tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi: hakuna basi litakalopita muda wa chakula cha dereva kwa sababu ya kuchelewa. Dereva mwenza wake, ambaye yuko nasi hapa, anasema tangu siku ile alianza kula na kutembea pamoja naye, kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017. Aliendelea kutembea mtaani, safari hii akimburuta mumewe, ambaye alikuwa na visingizio vingi kuliko viatu.

Mwezi Mei 2024 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Waliokuja kumjulia hali walisikitika, na mmoja wao ulimi ukamteleza, akasema mazoezi yote yale yamekuwa kazi bure. Marehemu hakuchukia.

"Mimi nilitaka kuendesha," alimwambia, "na nimeendesha mpaka nikastaafu."

Hospitalini alitembea kwenye korido ya wodi huku binti yake mkubwa akisukuma chuma cha dripu, na miguu ilipokataa, alikunja na kunyoosha vidole kitandani. Siku za mwisho daktari aliruhusu ale chochote anachotamani. Mumewe, kwa furaha na uchungu, alimletea keki aliyoipamba kwa mkono wake. Marehemu alionja, akamshukuru, akasema ni tamu mno, kisha akauliza kama mboga zilibaki. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, yaani binti mkubwa muuguzi, kijana wa kati fundi wa magari na binti wa mwisho mwalimu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, na mdogo wake wa kike anayewasomea maneno haya, pamoja na madereva na makondakta waliomwita mama bila kuzaliwa naye.

Alibeba watu wengi katika maisha yake, na kila mmoja wao alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Sasa tunamshusha yeye. Alale kwa amani.